Nakala Nne za Fundi Hakikisha

Watu wanasema mume wangu aliipoteza mitihani ya wanafunzi ishirini ili mtoto wake afaulu. Nimeyasikia maneno hayo dukani, nimeyasikia kwenye foleni ya benki, na siku ya mazishi yake niliyasikia nyuma ya mgongo wangu, yakisemwa kwa sauti ya chini na watu waliokuja kunipa pole. Mume wangu hayupo tena wa kujitetea, na hata alipokuwepo hakujitetea. Naandika mimi mkewe. Ninajua mitihani ile ilipotea vipi, na nimechelewa sana kusema.

Mtaani walimwita Hakikisha. Jina lilimshika kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Akifunga mlango ataurudia kuusukuma mara tatu. Akinunua balbu, muuzaji lazima aiwashe mbele yake, na akifika nyumbani anaiwasha tena kabla ya kupanda ngazi. Aliponichumbia aliniuliza siku ya Jumamosi, nikakubali. Jumatatu akarudi kuniuliza vile vile, na uso wake umekauka. Nikamwambia jibu ni lile la juzi. Akashusha pumzi, akasema haya, alikuwa anahakikisha tu. Dada zangu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikajua nimepata mume wa namna gani.

Mimi siko hivyo. Mimi nina haraka na hasira zangu haziko mbali. Kazi yangu ni kuchapa barua na nyaraka za watu, na vidole vyangu vimezoea kukimbia. Chumba cha mbele cha nyumba yetu tulikigawana: upande wa mlango meza yangu, kompyuta yangu na printa, upande wa dirisha meza yake, taa yake ya kuinamisha, kioo cha kukuzia, na vifuniko vya chupa alivyovipanga safu, kila kifuniko na skrubu za aina yake. Ukihamisha kifuniko kimoja anajua. Niliwahi kuvichanganya vitatu makusudi baada ya kugombana naye, akavipanga upya bila kusema neno, nikabaki na hasira zangu mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kufufua mashine ambazo wenyewe waliozitengeneza walikwisha kuzisahau. Ndani ya kila kompyuta kuna bodi kubwa ambayo vitu vyote huchomekwa, na juu ya bodi hiyo kuna chipu moja ya miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Humo ndimo ilimo programu ya kwanza kabisa, ile inayoamka ukibonyeza swichi kabla ya kitu kingine chochote. Mafundi wanaiita bayosi. Ndiyo inayojua vifaa gani vimo ndani ya mashine. Sasa bodi ya zamani ukiichomekea diski ya kisasa, haiioni, kwa sababu wakati bayosi yake inaandikwa diski za namna hiyo zilikuwa hazijatengenezwa. Ukiwauliza wenye kiwanda watakuambia ununue bodi nyingine. Hakikisha yeye alikuwa anaisoma ile bayosi kutoka kwenye chipu, anaileta kwenye kompyuta yake, anaiongezea kipande cha kuifanya iitambue diski mpya, halafu anairudisha mahali pake. Kurudisha huko ndiko mafundi wanakoita kuflashi. Mashine iliyokuwa inangoja jalala inaamka na diski inaonekana.

Na alikuwa na utaratibu ambao hata umshikie panga hauvunji. Kwanza unaibana chipu kwa kibanio chenye meno manane. Unasoma yaliyomo. Unasoma mara ya pili, kwa kuwa jino moja likilegea unapata takataka tupu. Unalinganisha nakala zote mbili mpaka kompyuta ikubali kwamba zinafanana. Nakala ya asili unaihifadhi kwenye folda yenye jina la mwenye mashine. Ndipo unapoifanyia kazi bayosi ya bodi hiyo hiyo, si ya nyingine hata kama zimetoka kiwanda kimoja siku moja, na ukisharudisha unasoma tena. Kibanio mara nyingi nilikishika mimi, maana vidole vyake vilikuwa vinene na macho yalianza kumsumbua. Kwa kushika kibanio miaka yote hiyo nikaijua kazi, ingawa hakuna aliyenifundisha.

Siku moja nilimuuliza kwa nini ajichoshe. Zikija bodi kumi za aina moja, si aitengeneze bayosi moja na kuimwaga kwenye zote? Akaniambia kila bodi ina namba yake, imeandikwa kiwandani ndani ya chipu hiyo hiyo, na hakuna bodi nyingine duniani yenye namba hiyo. Ukiipa bodi nakala nzima ya mwenzake, umeipa na namba ya mwenzake. Nikamwambia, kwani nani ana muda wa kuiuliza bodi namba yake? Akasema hamjui, lakini huenda yupo. Nilimcheka, nikarudi kwenye barua zangu.

Mitaa mitatu kutoka kwetu kuna chuo cha uhazili. Mkuu wa chuo ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya amri, ndiye aliyenifundisha hata mimi kuchapa, na mpaka leo nikimwona nanyoosha mgongo. Chuo kilikuwa na kompyuta ishirini na nne za aina moja, zilizotolewa na ofisi fulani iliyonunua mpya. Mwaka huo baraza la mitihani likatangaza kwamba mtihani wa cheti utafanywa kwenye kompyuta, kwa programu yao mpya, na programu hiyo haikubali diski za zamani. Mkuu akahangaika mpaka akapata diski ishirini na nne za kisasa. Zikachomekwa, na hakuna hata mashine moja iliyoiona diski yake. Mafundi wawili wakaitwa, wote wakasema hizi bodi ni za kutupa. Bila mashine kuwa tayari siku ya ukaguzi, chuo kingefutwa kwenye orodha ya vituo, na darasa zima lingesubiri mwaka.

Katika darasa hilo alikuwemo binti yetu. Ndiye mtoto pekee tuliyejaaliwa. Alipaswa kufanya mtihani mwaka uliotangulia, ila mimi nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, akaacha masomo ili aniuguze. Mwaka wake mmoja ulikuwa umekwishaliwa na mimi. Masjala ya hospitali, alikokuwa akijitolea, walimwambia kuna meza inamngoja, alete cheti tu kabla ya mwaka mpya. Alikwisha kuchagua na viatu vya kuendea kazini. Kwa hiyo mkuu alipofika kwetu kumuuliza Hakikisha kama anaweza, mimi na binti tuliacha tulichokuwa tunafanya tukamwangalia mume wangu. Akaomba aletewe bodi moja aone, kisha akasema inawezekana.

Tulikuwa na siku tano. Bodi ziliteremshwa kutoka kwenye mkokoteni, zikajaa chumba cha mbele mpaka mlango wa jikoni, tukawa tunapita kwa ubavu. Siku ya kwanza nzima aliimalizia kwenye bodi moja, akitafuta kile kipande kinachofaa. Ilipoiona diski, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaanza ya pili. Anasoma, anarudia, kibanio kinateleza, anaanza upya. Kufikia jioni ya siku ya tatu alikuwa amemaliza bodi nne. Nne. Mimi nilikuwa nahesabu zilizobaki, nikamwambia kwa mwendo huu mtoto atafanya mtihani akiwa bibi. Akanijibu kwamba siku mbili zinatosha, sasa anajua njia.

Asubuhi ya siku ya nne hakuamka. Homa ilimshika vibaya, meno yanagongana chini ya blanketi mbili. Aliniomba nimwache mpaka mchana, atajikongoja. Mchana ulifika akajaribu kukaa, kizunguzungu kikamrudisha kwenye mto. Binti alikuwa chuoni akijisomea kwa vitabu, kwa kuwa mashine zote zilikuwa kwetu. Mkuu akatuma ujumbe kwamba mkaguzi wa baraza anakuja kesho kutwa saa tatu. Nilisimama katikati ya chumba kile, bodi ishirini zinaniangalia, na nisiseme uongo: sikumhurumia mume wangu wakati huo. Nilimkasirikia. Nilikasirikia siku tatu za kusoma na kurudia, nikaona ni ule ule ujinga wa kusukuma mlango uliokwisha kufungwa.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaifungua folda ya chuo, nikaichukua bayosi iliyokwisha kutengenezwa ya bodi ya nne, nikabana chipu ya bodi ya tano, nikaflashi. Sikusoma kilichokuwemo. Nikawasha, diski ikaonekana. Nikaenda ya sita. Kila moja ilichukua dakika chache tu. Kwenye bodi ya kumi nilikuwa naimba. Saa kumi alasiri zote ishirini zilikuwa tayari, zimewashwa na kuzimwa, hakuna iliyogoma, na mimi nikajiona fundi kuliko fundi.

Nikaingia chumbani kumpa habari. Alikuwa ameketi kitandani, jasho linamtiririka, homa ikianza kumwachia.

"Zote?" akauliza.

"Zote ishirini."

"Ulisoma kila moja kwanza?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Kulikuwa na kesho nzima, na hata kama kazi haikufanywa kama anavyotaka yeye, tungejua la kufanya. Lakini nilikuja kusifiwa, sikuja kuhojiwa.

"Nimesoma."

"Mara mbili?"

"Baba, nimesoma mara mbili, nimelinganisha, lala."

Akanitazama. Akasema ahsante mke wangu, akalala. Mtu aliyehakikisha balbu, milango na chenji ya sokoni, tangu ile Jumatatu ya uchumba hakuwahi kulihakikisha neno langu hata mara moja. Kesho yake alikuwa dhaifu bado, mkokoteni ukaja, bodi zikarudi chuoni, zikapangwa kwenye viti kwa mfuatano ule ule.

Mkaguzi alizipitia mashine zote, akaridhika. Siku ya mtihani kila mtu alikaa kwa mpangilio wa orodha, na kwa kuwa binti yetu alikuwa amerudi baada ya mwaka mmoja, jina lake lilikuwa la mwisho, kiti cha ishirini na nne. Jioni alitusimulia akiwa na furaha kiasi kwamba chakula kilimpoa. Walifanya kazi saa tatu, kila mashine peke yake. Walipomaliza, msimamizi alipita na waya kutoka kiti cha kwanza hadi cha mwisho, akituma kazi ya kila mmoja kwa baraza. Kwenye kila skrini lilitokea neno kwamba imepokelewa, kisha mashine ikaifuta kazi yenyewe, ili asiwepo wa kuichezea baadaye. Baba yake akasema huo ni utaratibu mzuri.

Matokeo yalitoka baada ya wiki sita. Kwenye ubao wa matangazo wa chuo kulikuwa na waliofaulu wanne: kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, na cha ishirini na nne. Wengine wote mbele ya namba zao paliandikwa kwamba hakuna kazi iliyopokelewa.

Mkuu alikuja kwetu siku ile ile na barua ya baraza mkononi. Barua ilieleza kwamba ili wasahihishaji wasimjue mwenye kazi, programu huitambua kila kazi kwa namba ya bodi ilikotoka. Ikija kazi ya pili kutoka bodi ile ile, programu inadhani mtahiniwa amerekebisha, kwa hiyo inaitupa ya kwanza na kuchukua ya pili. Kutoka chuo hiki zilikuja kazi ishirini na moja mfululizo zenye namba moja ya bodi. Kila iliyofika iliifuta iliyotangulia. Iliyobaki ni ile iliyofika mwisho.

Hakikisha aliisoma barua mara mbili, kama kawaida yake, akachukua kibanio na kompyuta yake ndogo, akasema twende. Nilimfuata nimebeba taa. Chuoni aliifungua mashine ya nne, akasoma chipu. Akaifungua ya kumi, akasoma. Akaziweka pamoja kuzilinganisha, na kompyuta ikajibu kwamba zinafanana. Jibu hilo alikuwa akilingoja kwa hamu kila siku ya kazi yake, na siku hiyo nilimwona akifumba macho aliposoma. Akajaribu ya kumi na saba. Zinafanana. Akakitoa kibanio taratibu, akaninyanyulia uso. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Nilifungua mdomo, lakini mkuu wa chuo alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni, nami nikaunyoosha mgongo wangu, nikaufunga mdomo.

Akamgeukia mkuu, akamwambia, "Kosa ni langu, mwalimu. Mimi ndiye fundi."

Wiki iliyofuata palifanyika mkutano kwenye ukumbi wa chuo, wanafunzi na wazazi wao. Alisimama mbele na shati alilolipiga pasi mwenyewe, akasema maneno yale yale, kwamba kosa ni lake, kwamba hakukusudia, kwamba anaomba radhi. Baba wa msichana mmoja akamuuliza imekuwaje kosa liwale watoto ishirini, likamruka wa kwake. Alisema limetokea hivyo. Mtu mmoja wa nyuma akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba Hakikisha amehakikisha wa kwake. Ukumbi ukacheka, kicheko kibaya. Mimi nilikuwa safu ya pili, mkoba mapajani, nikiukunja na kuukunjua ukanda wake. Maneno yalikuwepo, yamejaa mdomoni, na nilijiambia nitasema tukitoka nje. Tulipotoka nje nilijiambia nitasema nyumbani.

Nyumbani binti yetu alijifungia chumba cha mbele kama nusu saa. Alipotoka alipita jikoni bila kunitazama, akaingia kwa baba yake, mlango ukafungwa. Nilisikia mvumo wa sauti zao tu, yake ikipanda, ya baba yake ikiituliza. Nilidhani anamlaumu. Asubuhi alikwenda kumkabidhi mkuu cheti chake, akasema hawezi kukichukua huku wenzake ishirini wako nje, atafanya upya pamoja nao. Baraza likakubali. Masjala ya hospitali hawakuweza kungoja, ile meza wakampa mwingine. Mwaka uliofuata alifanya mtihani tena, akafaulu, akapata kazi mji wa mbali, akaondoka.

Kila Jumapili alipiga simu na kuongea na baba yake kwa muda mrefu. Mimi alinisalimia, akaniuliza afya na mvua, akaaga. Nikajidanganya kwamba mabinti huwa wa baba zao.

Na yeye Hakikisha, baada ya mkutano ule, alikwenda chuoni siku kumi na mbili mfululizo bila kuitwa na mtu. Alikuwa akizirudishia bodi zile namba zao. Kwa kuwa nakala za asili hazikuwepo, alizisoma namba kutoka kwenye stika ndogo zilizobandikwa ubavuni mwa kila bodi, kwa kioo cha kukuzia, tarakimu moja moja, akimtajia mlinzi wa chuo azisome pamoja naye. Mimi hakuniomba nimshikie kibanio, nami sikujitolea. Kwenye bodi sita stika zilikuwa zimefutika. Namba zile za kiwandani hazikuwa zimebaki popote duniani, maana zilikuwa kwenye chipu tu, na mimi nilizifuta huku naimba. Ilibidi azipe namba mpya za kubuni. Aliporudi siku ya mwisho aliniambia kazi imekwisha, isipokuwa hizo sita, halafu akaomba maji.

Wateja walikatika. Nani amletee mashine fundi wa namna hiyo? Walikuja wachache wa zamani, kisha na hao wakapungua. Mimi niliendelea kupata barua za kuchapa, upande wangu wa chumba una watu, upande wake kuna mtu mmoja anayepangusa vifuniko vya chupa. Mara nyingi nilipiga moyo konde kwamba leo nitamwambia, si yeye tu, nitakwenda hadi kwa mkuu. Kisha namwona amekaa kimya, najiambia ya nini kumtonesha kidonda. Uongo mtupu. Niliogopa kuchekwa na ukumbi ule uliomcheka yeye. Siku moja tukiwa mezani, akaweka kijiko chini, akaniuliza kama nina neno. Nikamwambia sina. Akatikisa kichwa, akaendelea kula.

Mwaka wa tatu moyo wake ukachoka. Alilazwa siku tisa. Waliomzika hawakufika hata arobaini, mtu aliyeishi mtaa mmoja maisha yake yote. Katika wale ishirini alikuja kijana mmoja tu, akasimama mbali karibu na geti, akaondoka kabla ya watu kutawanyika.

Binti yetu alikaa nami wiki mbili. Asubuhi moja tulianza kuipanga meza ya dirishani. Yeye alikuwa anakunja nyaya, mimi nafuta vumbi, na nikakuta kile kibanio ndani ya mfuko wake wa kitambaa, meno yote manane yamesafishwa. Nilikishika, na maneno yaliyonikwama miaka mitatu yakatoka yenyewe bila mpango.

"Mwanangu, zile bodi ishirini niliziflashi mimi. Baba yako alikuwa na homa. Nilimdanganya kwamba nimesoma."

Hakushtuka. Alimaliza kuukunja waya uliokuwa mkononi, akaufunga kwa uzi, akauweka chini.

"Najua, mama."

Akaiwasha kompyuta ya baba yake, akaifungua folda ya chuo. Mlikuwa na nakala za asili nne, kila moja na maelezo yake ya kirefu: bodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, imesomwa mara mbili, zinafanana. Hapakuwa na ya tano.

"Baba hajawahi kuiandika chipu bila kuisoma," akasema. "Siku ya mkutano nilipojifungia humu nilikuja kutazama hapa. Nikakuta nne. Nikajua zilizobaki si mkono wake."

Nikamuuliza kama baba yake alijua.

"Alijua pale pale chuoni. Mimi nilitaka niende kusema usiku ule ule, nikampigia kelele. Akanikataza. Akasema, mwache, mama yako atasema mwenyewe."

Nilikaa sakafuni, nimekishika kibanio. Yeye alikuwa analia sasa, bila sauti, akiangalia skrini.

"Kila Jumapili nilikuwa namuuliza, baba, ameshasema? Ananijibu, bado. Hata siku ile ya mwisho hospitali, nilimpigia, akanijibu bado. Akasema nisiwe na haraka kama yako."

Kwa muda wa miaka mitatu watu wawili walikuwa wananingojea, na mmoja wao ameondoka akingoja. Nilimwambia binti yangu anisamehe. Akasema hajui kama anaweza, lakini aliniinua kutoka sakafuni, akanipa kiti.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa chuo, amezeeka, yuko bado. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba kusema ofisini kwake hakutoshi, kwa sababu mume wangu hakutukanwa ofisini. Akaniruhusu nibandike maelezo haya kwenye ubao wa matangazo, pale pale yalipobandikwa matokeo. Majina ya wale ishirini nimeyapata kwake, na kila mmoja nitamtumia karatasi yake.

Karatasi hizi nimezichapa mwenyewe, upande wangu wa chumba. Nilipomaliza nilikwenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, nikazisoma, kisha nikazisoma tena.